Dirisha Uliloziba, Baba Nekesa

Nimebomoa ukuta wa karakana yako! Wiki iliyopita, mchana kweupe, fundi anapiga nyundo na mimi nimesimama hapo na leso kiunoni nikimwambia piga, ongeza, piga tena. Sasa ndiyo nakusalimu, Baba Nekesa. Huku Kiamunyi tuko wazima. Ila mimi nina hasira, na kwa vile hauko wa kujibizana na mimi, nimechukua daftari.

Hasira yenyewe ni juu yako.

Nekesa amerudi na cheti chake cha kazi ya ngozi. Wa kwanza darasani! Kanisani nimewaambia wote, hata wale hawakuuliza. Anashona mikoba, anashona sandali, rangi anachanganya mwenyewe. Mikono ni yako ile ile, lakini mshono wake umenyooka kuliko wako, na ukikasirika shauri yako. Akaniambia, "Mama, nataka kufanyia kazi kwa baba." Nilifurahi mpaka nikapiga kigelegele peke yangu jikoni.

Nikamfungulia. Baba Nekesa, tangu tukuzike mvua imekuja ikaisha, na chumba bado kilinuka gundi. Akakaa kwa kiti chako, akafungua kopo moja. Hata sufuria yangu ya chai haikuwa imechemka, nikamwona mlangoni ameshika kichwa. "Mama, kichwa."

Nilikaa chini. Kwa sababu hilo neno ni lako. Miaka yote ulitoka mlango ule ule ukisema, "Mama Nekesa, kichwa," na mimi nakuletea maziwa. Pakiti nzima, kila jioni, kwa sababu kule Bondeni ulikojifunzia kazi mafundi wote walisema maziwa yanaosha kifua. Na nilijisifu! Niliwaambia wanawake wa chama kwamba bwana wangu hawezi kuumwa na gundi, mimi namtunza. Kumbe. Ulipolazwa, nilimuuliza muuguzi kama nikuletee maziwa zaidi. Akanitazama kwa huruma. "Mama, maziwa yanaenda tumboni. Ile harufu inaenda kwa mapafu."

Maneno mepesi hivyo. Hakuna mtu alikuwa ametuambia, na wewe hukuuliza, na mimi sikuuliza.

Lakini dirisha nilikuuliza! Hilo usinikatalie. Ulilipigilia bati, ukasokomeza magunia pembeni, eti vumbi la Nakuru linashika kwa rangi mbichi na kiatu chako lazima king'ae kama kioo. Nikasema mtu anahitaji hewa. Ukacheka, ukawaita wateja wasikie: "Mwalimu wa standadi seveni ameanza!" Ndiyo, niliishia standadi seveni. Lakini pua ninayo, na ilikuwa inafanya kazi kuliko yako, maana yako ilikuwa imeshazoea mpaka ukadhani hakuna harufu. Viatu vyako viling'aa, kweli. Watu walivivaa kwa mazishi yako.

Ndugu yako Wafula akaja na kofia yake. "Shemeji, kitu cha marehemu hakiguswi mpaka familia ikae." Nikamwambia sawa, tukae. Nikamweka ndani ya karakana, nikafunga mlango, nikamwambia Nekesa afungue makopo mawili kama baba yake alivyokuwa akifanya kazi. Wafula akaanza na maombi. Hajafika amina, macho yanamtoka machozi, anakohoa, anatafuta kitasa. Kikao tulimalizia nje, penye kamba ya kuanikia nguo. Alisema neno moja tu: "Bomoa."

Kwa hiyo sasa kuna matundu mawili makubwa, yanatazamana. Upande wa barabara Nekesa ameweka wavu na kitambaa chepesi, vumbi linabaki hapo, hewa inapita. Umeona? Ilikuwa kitambaa tu, Baba Nekesa. Kitambaa! Upande wa shamba kuna feni, na hapo nikiri kosa langu. Nilimwambia fundi wa stima aielekeze ndani, impulizie mtoto, nikidhani feni kazi yake ni kupoza mtu. Ikawashwa, harufu yote ikaingia jikoni kwangu. Nekesa alicheka mpaka akakaa chini. Ikageuzwa, iangalie nje, ivute. Na si feni ya mezani, ni ile imefunikwa isitoe cheche, maana mvuke wa thina, ile ya kuyeyushia gundi na rangi, unaweza kushika moto bila kuguswa na kiberiti. Meza iko karibu na feni, hewa safi inatoka mgongoni kwa Nekesa, inachukua harufu inaenda nayo kabla ifike puani. Tulining'iniza kipande cha karatasi ya choo hapo. Kililala chote kuelekea nje, kikakaa hivyo. Nilikiangalia muda mrefu. Nililia, lakini kwa hasira.

Amepanga mambo yake huyu mtoto. Kopo linafunikwa kila akichovya brashi. Matambara yanaenda kwa debe lenye kifuniko. Jiko haliko karibu. Ana barakoa ya vichujio, si leso kama yako. Akimaliza kupaka, anaacha feni inaendelea na yeye anatoka nje, anakuja kunisumbua.

Nilikupenda, mzee wangu, na nitakukasirikia bado kidogo. Ungekubali kucheka na mimi badala ya kunicheka, ungemwona binti yako akishona. Basi lala. Ninakuahidi hivi: siku nitakuta feni imezimwa na kopo liko wazi, nitamtoa Nekesa humo kwa sikio, yeye na cheti chake.

Tunafungua karakana kwa maombi. Pasta anakuja, Wafula na watoto wake, wanawake wa chama, majirani. Mtu wa kwanza niliyetaka kumwalika ni wewe. Hao wengine wote wanakuja Jumamosi, saa nne asubuhi.

Mama Nekesa