Pikapu Inayogonga Nikiwa Peke Yangu

Baba yangu mpendwa,

Pikapu yako imenisumbua tangu tulipokuzika. Nikikanyaga breki inagonga, ko! Mara moja tu, halafu kimya. Kesho yake naweza kuzunguka mji mzima isigonge. Ungekuwepo ungeshusha kioo, utoe kiwiko dirishani, kisha uniulize swali lako la kila gari: "Kwanza niambie, inalia lini?"

Unakumbuka ulivyonifundisha kuendesha kwenye barabara ya Soy, mahindi yakiwa marefu pande zote mbili? Wenzangu walifokewa na baba zao. Wewe hukufungua mdomo. Nikichelewa kushika breki karibu na tuta, uligonga dashibodi kwa kifundo cha kidole, ko, nami nikajibu, "Nimesikia, Baba." Siku niliyotuingiza mtaroni hata hukugonga. Ulisema tu, "Haya, shuka tusukume," ukaanza kucheka kabla sijamaliza kulia.

Kwa hiyo utanielewa nikikwambia kwamba sauti hii ilinitisha na kunifurahisha kwa pamoja. Nikitoka Kapsoya peke yangu kwenda Soy kuchukua mahindi ya chakula cha kuku, ikigonga, mdomo wangu ulijibu wenyewe: "Nimesikia, Baba." Sikumwambia mtu. Wangesema nimechanganyikiwa.

Lakini Wafula, huyo kifungua mimba wako, hakutaka mchezo. "Sista, hiyo gari ndiyo inabeba Mama kanisani," aliniambia. "Kama shida haijajulikana kufikia Jumamosi, tunauza. Mimi sitaki kuzika mtu mwingine."

Nilizunguka gereji za mji huu hadi wakanizoea. Mafundi walifungua magurudumu, wakakagua pedi za breki, wakakaza kila nati waliyoiona. Kila mmoja aliendesha nami nikiwa kando yake nimwonyeshe ile sauti, na pikapu ikanyamaza kama mtoto mbele ya mwalimu. "Madam, mimi siskii kitu," akasema wa mwisho. "Breki ziko sawa kabisa." Nilikaribia kulia palepale. Kiti chako bado kimebonyea ulipokuwa ukiketi, Baba. Sikutaka kiende kwa mnunuzi nisiyemjua.

Ijumaa nilimpeleka Mama kwa maombi ya kina mama. Tulipita matuta yote, kimya. Akashuka kanisani, nikageuza gari, na kwenye tuta la kwanza tu: ko! Hapo swali lako likanirudia. Inalia lini? Inalia kiti cha abiria kikiwa kitupu. Mafundi hawakuwa na kosa lolote. Kila walipoijaribu, nilikuwa nimeketi pale mimi mwenyewe.

Niliegesha kando ya barabara nikakiinamisha kile kiti mbele. Nyuma yake niliikuta jeki, haijafungwa na chochote. Mtu akiegemea kiti, kinaibana. Asipokuwepo, breki ikishikwa jeki inateleza na kugonga chuma. Na kwenye grisi yake zilikuwa zimenasa nyuzi za sufu, rangi ya kahawia. Nikazitambua. Ile sweta uliyomwambia Mama kwamba ilipotea matangani Webuye! Kumbe miaka yote ulikuwa umeivisha jeki ili isigonge.

Nikakumbuka siku ya kugawa nguo zako kule nyumbani. Shangazi Nekesa, unavyomjua dada yako, alipekua kila mahali mpaka ndani ya gari. "Nguo ya marehemu haibaki kwa gari," alisema. "Inavaliwa na watu wake." Nilimwona akitoka na kitu mkononi, wala sikujali. Sasa nikampigia simu Baba Mdogo, aliyegawiwa nguo zako za baridi.

"Si ndiyo hii nimevaa?" akasema. "Iko na mafuta kidogo kwa mkono, lakini inashika joto."

Nilipomweleza Mama alicheka, Baba. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa leso, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke. "Kumbe haikupotea! Mzee alikuwa analalamika ati inamwasha." Kisha akaingia chumbani, akarudi na sweta yake, ile mliyonunua ikifanana na yako msimu ule wa baridi kali. Aliikunja polepole, akainusa, akanipa. "Funga jeki na hii. Hiyo gari ilishazoea."

Jumamosi Wafula aliiendesha peke yake hadi Kesses na kurudi. Nilimngoja langoni. Alishuka, akanirushia funguo. "Weka mafuta," akasema, akaingia ndani kunywa chai. Hatuuzi.

Leo nimekwenda Soy peke yangu. Nimekukosa leo kuliko hata siku ya mazishi, maana siku ile kulikuwa na watu wengi na kazi nyingi za kufanya. Kwenye tuta ulikozoea kunigongea, nilichelewa kushika breki kwa makusudi. Gari likatulia. Hakuna kilichogonga. Injini iliendelea kuunguruma, mahindi yakiwa marefu pande zote mbili.

"Nimesikia, Baba," nikasema.

Pumzika sasa. Mama anakusalimu, na anasema atakuuliza habari ya sweta mkionana.

Binti yako,
aliyebaki na funguo