Bei ya Mwalimu

Shangazi Flavia mpendwa, shikamoo. Nisaidie, maana nimechanganyikiwa kiasi kwamba juzi nilifundisha kipindi kizima kwenye darasa lisilo langu na wanafunzi wakaniacha tu niendelee. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Kwihara, nafundisha baiolojia na kilimo, na mchumba wangu Recheli ni afisa kilimo wa kampuni moja ya tumbaku, tulisoma chuo kimoja, mwaka mmoja, tena somo la udongo nilikuwa namwelekeza mimi, lakini leo mshahara wake ni kama mara tatu ya wangu na sijui nilikosea wapi, maana shahada ni shahada, au siyo? Nilikuwa navumilia, ila mwezi uliopita tulikwenda Tabora mjini kununua vitambaa vya harusi, na mwenye duka, Zeeshan, ambaye nilimfundishia binti yake, akapaza sauti kwa muuzaji wake, "Huyo mpe bei ya mwalimu!" Duka zima likageuka, Recheli akacheka, mimi nikatoka nje mikono mitupu. Nikaomba kazi kwenye kampuni yao kimyakimya, nikapata, kituo ni Ipole, hukohuko anakofanyia kazi yeye, na wanataka jibu Jumatatu. Mama mkwe kasikia, kapiga vigelegele kwenye simu, lakini Recheli mwenyewe nilipomwambia alisema, "Ukiacha ualimu, mimi usinioe." Sasa shangazi, ni mwanamke gani anakataa mume mwenye hela? Ananionea aibu kwa wenzake? Ana mtu huko Ipole? Au anataka nibaki chini ili anitawale? Yeye nampenda, kazi naipenda, mshahara ndio siupendi. Niache ualimu nimkose, au nibaki nidharaulike?

Fikiri, Kwihara

Marahaba, Fikiri. Pole, na hapo sikutanii. Wawili mmetoka chuo kimoja, mmoja anatunza majani, mwingine anatunza watoto wa watu, na wa majani ndiye anayelipwa vizuri. Hilo linaudhi, na una haki ya kukasirika. Kapige kelele kwenye chama chenu cha walimu. Lakini Recheli hakuupanga mshahara wako.

Sasa nikugombeze. Mwenye duka alikupunguzia bei kwa kuwa ulimfundishia mtoto, wewe ukasikia tusi. Mchumba akacheka, wewe ukasikia dharau. Ukaomba kazi kwa hasira bila kumwambia, halafu unashangaa kwa nini amekataa! Huyo mtu wa Ipole umemtunga mwenyewe. Mimi nadhani binti anaogopa: leo unaacha kazi unayoipenda kwa sababu ya mshahara wake, kesho jua la shambani likikuchoma, lawama zote zinamwangukia yeye. Ila mimi nadhani tu, na wewe unadhani tu, na mwenye jibu yupo na simu anayo.

Kabla ya Jumatatu mfuate. Weka hati yako ya mshahara mezani, yeye aweke yake, mpange nyumba itakavyoendeshwa kwa zote mbili bila mtu kununa. Kisha muulize anaogopa nini, na ufunge mdomo mpaka amalize. Baada ya hapo, ukiona kazi ile bado unaitaka kwa ajili yako mwenyewe, ichukue, hata mimi nitakupongeza. Lakini ukishindwa kumuuliza hata hilo, mwanangu, kampuni wape jibu utakalo, harusi ndiyo uiahirishe.