Mlango wa Manjano wa Mwalimu Mhina

Jumamosi, Kasulu. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi imeingia hadi magotini. Nimerudi kutoka Kibondo jioni hii na mikono yangu bado inanuka silikoni, ingawa nimenawa mara tatu.

Miezi mingi sijaandika hapa. Kila nikitaka kuandika namkumbuka Mwalimu Mhina, naiweka simu chini.

Leo naandika.

Kwa asiyenijua, mimi ni fundi wa vioo na alumini. Mwalimu Mhina alinifundisha hesabu darasa la sita, Kibondo. Alipangiwa kazi huku akitokea Lushoto, kijana kabisa, akamwoa Mama Goreti, na kwao akawa anaenda likizo tu. Sasa amestaafu na macho yanamwacha polepole. Watu anawaona kama vivuli. Mwanga na rangi kali bado anavipata.

Mwaka jana waliniita niwawekee mlango wa kioo kati ya sebule na baraza, ili ndani kuwe na mwanga. Niliweka kioo cha kawaida. Nilikifuta kikang'aa, nikajisifu mbele yao kwamba hata hakionekani.

Hakionekani! Nyumbani kwa mtu asiyeona vizuri.

Wiki chache baadaye alikiingia kifua mbele, akidhani mlango uko wazi. Kilivunjika vipande virefu kama visu, kimoja kikamchana mkono kuanzia kwenye kiwiko. Alishonwa, lakini vidole viwili havikunjiki sawasawa hadi leo. Mama Goreti akapigilia mbao pale mlangoni. Sebule ikawa giza, na mzee akawa anashinda chumbani, amekaa tu.

Kuna kitu sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Wakati ule nilijua kuna kioo kingine, wenyewe tunakiita lamineti: vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando katikati, kikivunjika vipande vinabaki vimeshikana, havimwangukii mtu. Ila kinaagizwa Dar es Salaam na kinachukua wiki kadhaa. Mimi nilitaka kumaliza kazi kabla ya Krismasi.

Nikanyamaza.

Baada ya ajali nilienda kumwona hospitali mara moja, nikashindwa kumtazama Mama Goreti usoni. Kwa hiyo aliponipigia miezi miwili iliyopita nilidhani ananipigia kunilaani. Alisema tu, "Mwalimu anataka mwanga wake. Njoo upime."

Nilipofika niliwaeleza kwamba kule kiwandani Dar, kwenye lamineti, wanaweza kuweka kitambaa katikati ya vioo viwili, kikaonekana kama kimeelea humo ndani. Mwalimu akauliza kama kinaweza kuwa kitambaa chochote. Nikasema chochote chepesi kinachopitisha mwanga.

Basi tukaenda sokoni sote watatu. Mama akawa anainua kitambaa kimoja kimoja juani, Mwalimu anatikisa kichwa. Bluu hapana. Nyekundu aliiona kama nyeusi. Muuzaji, mama wa Kikongo mwenye sauti kubwa, akafungua kimoja cha manjano chenye majani meupe. "Papa, hii iko bien, nzuri kabisa! Unaiona?" Mwalimu akanyoosha mkono ule wenye kovu, akakigusa mahali palepale jua lilipopita. "Hiki," akasema. "Hiki nakiona."

Kioo hiki kikishagandishwa hukipunguzi tena ukikosea, kwa hiyo nilipima mlango mpaka mama akacheka. Mwalimu ndiye aliyenishikia ncha ya tepu. Kila kipimo alitaka nikiandike halafu nimsomee, kama tuko darasani. Kisha nikavituma Dar pamoja na kitambaa, tukasubiri wiki kadhaa.

Leo ndiyo nimekipeleka, nimekishikilia garini tangu Kasulu kama mgonjwa.

Kabla sijafunga hata skrubu moja, Mama Goreti akasimama mlangoni. Akasema hakiingii kioo ndani ya nyumba yake mpaka akione kikivunjika. Bahati nzuri kiwanda kilinitumia kipande cha mfano. Nikakiweka uani juu ya gunia, nikampa nyundo. Alikipiga kwa hasira ambayo nadhani ilinilenga mimi. Kikapasuka chote, kikajaa mistari kama utando wa buibui, lakini hakuna kilichodondoka. Akapiga tena. Kisha akachuchumaa, akapitisha kiganja juu yake taratibu, akarudia, akatazama kiganja chake.

Hakuna damu.

"Weka," akaniambia.

Saa nane hivi mvua ilikatika kidogo na jua likatoka upande wa baraza. Mlango ulikuwa umeshakaa. Manjano ikaingia sebuleni hadi kwenye makochi. Mwalimu akatoka chumbani, akishika ukuta, akasimama katikati ya sebule. Akatembea mpaka mlangoni bila kushika chochote, akasimama hatua moja kabla, akaweka kiganja kwenye kioo. "Mlango upo hapa," akasema.

Nikashindwa kuvumilia. Nikawaambia yote: kwamba nilijua, kwamba nilikuwa na haraka, kwamba mkono ule niliukata mimi.

Mwalimu aligeuza uso kunitafuta. Mama Goreti ndiye aliyejibu.

"Najua, mwanangu. Daktari aliyemshona alituambia kuna kioo kisichokata watu."

"Sasa mama, kwa nini ukaniita mimi? Mafundi wako wengi."

"Nilitaka uje uniambie mwenyewe." Akafuta macho kwa pembe ya kitenge. "Nimekasirika sana. Nimechoka kukasirika. Kaa ule."

Tukala ugali wa muhogo na maharage, sote watatu, tukitazamana na ule mlango. Mwalimu alikula polepole kwa vile vidole vyake. Katikati ya chakula akaniuliza, bila ukali, "Umeweka vioo kama kile kilichonikata kwenye nyumba ngapi nyingine?"

Nikalirudisha tonge kwenye sahani.

Njia nzima ya kurudi nimekuwa nikizihesabu. Nyingi ni madirisha ya juu, hayana shida. Lakini kuna mlango mmoja Makere, kioo kitupu kutoka sakafuni hadi juu, na mwenye nyumba ana mapacha walioanza juzi tu kutembea.

Nimeshampigia sasa hivi. Nimemwomba asogeze kochi mbele ya ule mlango mpaka nifike. Ameuliza kuna nini, na safari hii nimemweleza kila kitu.

Kesho asubuhi naenda Makere.