Gari Lililovishwa Leso

Mpenzi wangu Baba Neema,

Mwanao ameolewa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua: ungeruka salamu zote uniulize kama gari liliwaka. Basi subiri kidogo. Wewe ulinisubirisha miaka mingapi na hicho chuma chako?

Unaikumbuka siku ulipokileta hapa kwetu ugenini, Northfield? Nilikuwa nimetoka zamu hospitalini, miguu imevimba, nikakuta lori limeziba njia yetu. Juu yake kulikuwa na fremu ndefu, injini na magurudumu. Hakuna mlango, hakuna paa, hakuna hata kiti. Nikakuuliza gari lenyewe liko wapi. Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

"Hili ndilo gari, mama. Hayo mengine ni nguo tu."

Historia yake ulinisimulia ukiwa umelala chini yake, mimi nimesimama na kikombe chako cha chai. Kwamba zamani kiwanda cha magari ya matajiri wa Kiingereza kiliuza chesisi tupu, yaani fremu na injini yake bila bodi, na mnunuzi akaipeleka kwa mafundi wengine wamtengenezee bodi aitakayo. Kwamba dereva wa kiwanda aliijaribu barabarani hivyo hivyo, amekalia ubao, upepo unampiga. Hii yako ilivishwa kwanza bodi ya bwana mmoja mkubwa, kisha ikavuliwa ikavishwa bodi ya kubebea majeneza. Hapo nikaweka kikombe chini.

"Na hili ndilo umemwahidi Neema litampeleka kanisani siku ya harusi? Gari la maiti?"

"Maiti zilibebwa na bodi, na bodi imeoza. Chesisi haina kosa."

Hukuwa na haya hata kidogo! Nikalipa jina mke mwenza. Kila Jumamosi ulikuwa kwake, ukirudi unanuka grisi na unaimba. Niliapa sitalikalia hata siku moja, na wewe ukalipigia ubao wa watu watatu, makusudi, ukaniambia nafasi yangu ipo.

Kisha moyo wako ukasimama, hivyo tu, ukiwa kazini. Bodi ulikuwa bado unaichora kichwani.

Neema alipopata mchumba nilikwenda kutafuta gari jeupe la kukodi. Akanikatalia. Unajua mwanao, Kiswahili anakisikia chote lakini anakujibu kwa lugha ya huku: "No, Mum. Dad promised. I'm going in that one."

"Liko uchi, Neema!"

"I don't care."

Mimi nilijali. Bibi harusi wetu hufika amefunikwa leso, kanga zetu hizi, haonekani mpaka akabidhiwe. Nimweke juu ya ubao, wakwe wote wanamtazama kama mzigo wa sokoni? Nililia jikoni, Baba Neema. Nilitaka ahadi yako itimie na sikuona njia.

Rafiki yako Papa Dieudonné, yule Mkongo mliyekuwa mkigombania naye spana, alinikuta hivyo hivyo. "Mama Neema, usilie. Moteur, injini yake, nitaitengeneza mimi. Ile ya bodi, iko kazi yenu bamama."

Nikafuta machozi nikaanza kupiga simu.

Siku ya harusi lori lilileta gari lako likalishusha langoni pa kanisa, kule Perry Barr. Tulipanda, Papa Dieudonné kwenye usukani, Neema katikati, na mimi kwenye nafasi yangu. Ndiyo, nililikalia. Usinicheke. Akina mama wa ushirika wetu wakajipanga pande zote mbili, Wakenya na Wakongo, wakainua leso zao juu, pindo kwa pindo, mpaka tukafunikwa. Mbele tu ndiko kulikoachwa wazi, dereva aone njia.

Injini ikakohoa, ikanyamaza. Neema alinibana mkono mpaka pete ikaniumiza. Ikakohoa tena, ikawaka, na vigelegele vikaizidi sauti! Tukaenda mwendo wa miguu mpaka mlango wa kanisa, jua likipita kwenye leso, gauni la mtoto likawa jekundu, likawa la manjano. Hapo ndipo nilipokuona umekosekana, na hapo hapo nikahisi upo. Neema aliupapasa ubao, akasema taratibu, "Asante, Baba." Kwa Kiswahili, mume wangu.

Watu wananiuliza ni lini nitalitafutia bodi. Nawaambia lilishapata.

Sasa liko gereji, nami Jumamosi huenda kulifungulia mlango kidogo, lipate hewa. Nimekusamehe Jumamosi zote. Nakupenda, na nimechoka kukukosa.

Leso za watu nimezifua nimezirudisha. Yangu nimemfunika nayo mke mwenza. Baridi imeanza.

Mkeo,
Mama Neema