Mbuzi ya Pardon

Butembo, 6 mars 2022

Esdras mutoto wangu,

Nakusalimia sana mu jina ya Bwana. Siye huku tuko, magoti tu njo inaniuma juu ya baridi. Na wewe? Unakula? Kikohozi ya vumbi ya Beni iliisha?

Sasa unisikilize. Leo kwa kanisa mama Agar alinionyesha ku telefone ile uliandika ku page yako, eti Phinées anauzisha mu depo yake maharagi ya badéplacés, batu benye balikimbia vita. Phinées! Mwenye alitupatia mabati ya kanisa! Agar akasema, "Mama Esdras, wewe ulizaa radio." Batu bakacheka. Mimi hapana. Kumbe Phinées ameshakushitaki.

Futa, mutoto. Huko batu banakufa hata bila kuandika. Na wewe hauna journal ya kukupatia kazi, hauna chef. Nani atakusimamia?

Mama yako mwenye hapana lala


Beni, 9 mars

Mama mupenzi,

Wasingya, aksanti ku barua. Kikohozi iliisha, na ninakula. Unisalimie dada Tamar.

Sitafuta. Ile magunia niliona na macho, chapa ya musaada iko juu yake, na picha niko nayo. Bamama benye balikimbia panga banapikia batoto majani tupu. Banasema nimeharibu jina ya mutu. Avocat mwenye ananitetea anasema picha itanisaidia, lakini mutu wa kwetu asiende kuongea na Phinées. Tafazali, Mama.

Mutoto wako Esdras


Butembo, 15 mars

Mutoto wangu,

Amani kwako, na afya. Barabara imefungwa juu ya embuscade, batu ba bunduki banavizia magari, barua yako haijafika. Lakini furahi! Nilienda kwa Phinées na muzee wa kanisa Sikuli, na mbuzi yetu ile nyeusi. Nikapiga magoti: "Mutoto wangu aliandika uongo, umusamehe." Akakubali! Akachinja, tukakula sahani moja. Unajua desturi yetu: mutu akishakula mbuzi ya pardon, maneno imekufa, hapana kuifufua. Binti yake alitupiga vidéo. Nikatengeneza kitambaa ya kichwa, nionekane muzuri.

Rudi nyumbani upumuzike.

Mama yako


Beni, prison, 4 avril

Mama,

Avocat wa Phinées alionyesha vidéo mu tribunal. "Mama yake mwenyewe anasema ni uongo." Juge mwenye kukata kesi ni mutu wa mbali, akauliza mbuzi ni ya nini. Bakamujibu: ni ya kukubali kosa. Picha zangu hakuziangalia tena. Nimepewa mwaka mmoja.

Hata haukuniuliza kama ni kweli.

Esdras


Butembo, 22 mai

Esdras wangu,

Nakusalimia, hata kama haunijibu. Ile barua yako ya kwanza ilinifikia nyuma, barabara ilipofunguliwa. Nimeisoma mpaka karatasi imepasuka. Batu ba Beni banasema mu prison munalala bamoja juu ya bengine. Homa haijakushika?

Nilirudi kwa Phinées. Nikamuambia, "Ulikula mbuzi!" Akanicheka: "Mama, mbuzi ilikuwa ya kanisa. Kesi ni ya serikali." Sikuli akanivuta mukono, "Twende, mama, utaongeza moto."

Basi jumapili, saa ya ushuhuda, nikasimama. Nikasema mbele ya bote: mutoto wangu aliandika kweli, mimi njo nilisema uongo juu ya woga, na ule mwenye anakalia benchi ya mbele anauzisha chakula ya bakimbizi. Pasta akaanzisha wimbo mbio mbio.

Jana convocation, barua ya kuniita ku tribunal, imefika na jina yangu. Ni ile kosa yako: kuharibu jina. Banataka niende kujibu huko Beni. Tamar analia, anasema nimuombe Phinées pardon tena. Nimekatala.

Nakuuliza tu kitu moja, na unijibu, tafazali: mu ile prison, bamama banafungwa upande gani? Kuko ukuta katikati, ao kuko fasi mutu anaweza kuona mutoto wake?

Mama yako