Mwali Chini ya Kanga

Magole, Ijumaa

Basi amefanya. Mwanaidi amefanya mtihani wa darasa la saba, na bado sina raha.

Tangu avunje ungo bibi yake amemweka ndani, kwa kuwa mwali haonwi na wanaume. Nilimbembeleza bibi mpaka leo akamleta mwenyewe, kamfunika kanga gubigubi. Mwalimu mkuu akafoka, "Sare iko wapi?"

Bibi akamjibu, "Kwani mwalimu unasahihisha nguo?"

Akampisha Mwanaidi aingie. Nilitamani kucheka.

Wakati wa kuondoka, Mwanaidi alininong'oneza kutoka ndani ya kanga: "Mwalimu, nikichaguliwa kwenda sekondari utakuja kuniambia?"

Nikasema nitakuja.

Sikumwambia sharti la bibi: nimepewa siku hii moja tu, na nisikanyage tena mlangoni pake mpaka binti aolewe.