Kibati Namba 63

Jumanne, 1 Juni 1976

Vibati vimefika! Mia mbili, kila kimoja na namba yake, imegongwa kwa msumari. Mwaka jana gunia moja bichi lilioza ghalani Mbeya likaozesha na mengine, na hakuna aliyejua limetoka kwa nani. Sasa kila kaya ina namba zake. Nikishapima mpunga hapa, nafunga kibati mdomoni mwa gunia. Likishushwa ghalani Ilomba, kule Mbeya, Ambrosi wa ghala anaisoma namba kwenye redio kol, nami natia alama ya vema daftarini. Gunia lina jina, kama mtu.

Msimamizi wetu, Bwana Jailos, amesisitiza mara tatu: kibati kifungwe na karani, kwa mkono wake, baada ya kupima. Na kaya itakayoleta mpunga mbichi itanyang'anywa jaruba lake la mpunga la mferejini. Sawa kabisa. Wamezidi uzembe.

Ijumaa, 4 Juni

Ambrosi kasema kati ya vituo vyote sauti yangu ndiyo inayosikika vizuri. Sikumwuliza. (Nilimwuliza kidogo.) Vituo vyote sita tunasikilizana, kwa hiyo wote wamesikia nikisifiwa. Basi!

Lakini kamba ya katani ya kufungia vibati inanichana vidole. Jua la Usangu, vumbi la mpunga, foleni mpaka kwenye josho la ng'ombe. Nafunga, nafunga. Nimefunga ishirini na mbili tu kutwa nzima.

Jumatatu, 7 Juni

Nimepata akili. Vibati nimevigawa! Kila kaya imekwenda na vyake nyumbani, wafunge wenyewe. Mimi kazi yangu kupima na kunakili namba. Leo magunia arobaini na moja kabla ya saa tisa.

Mama Seni amechukua vinne, 61 mpaka 64. Ndiye yule mjane, Mbuke, aliyehamia na mumewe na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, mume akafia hapa hapa. Jaruba lake moja, watoto wanne. Kavisugua vibati kwa majivu vikang'aa kama vijiko vya masista. Nilicheka mpaka akacheka na yeye.

Alhamisi, 10 Juni

Bwana Jailos mwenyewe kwenye redio! Kituo namba nne kinaongoza. Kasema nikimaliza msimu hivi hivi, Agosti nahamia ofisi ya Iringa. Iringa! Jumapili nasali na mama kule Tosamaganga, nampeleka hospitali mwenyewe badala ya kumwachia jirani. Nimemweleza Mama Seni alipoleta magunia yake. Akafurahi kuliko mimi.

Jumamosi, 19 Juni

Ambrosi hakunitania leo. Gunia namba 63: mpunga umelowa, umeota ndani, umeozesha na mengine matatu. Niliangalia daftari. 63 — Mbuke.

Haiwezekani. Mpunga wake niliushika. Ulikuwa mkavu, unalia mkononi.

Jumatatu, 21 Juni

Nimekwenda kwake. Hakuficha kitu. Magunia ni haba msimu huu, jirani yake Shigela alikuwa hana hata moja, akamwazima lile, na kibati chake mdomoni. Nikamwuliza, Mama Seni, kwa nini na kibati? Akanishangaa.

"Sasa nikitoe kwa nini? Gunia si yangu? Kwetu ng'ombe yangu ikienda kukaa kwa jirani, alama yangu inabaki. Yeye anakamua maziwa, lakini ng'ombe kila mtu anajua ni ya nani."

Shigela naye mawazo ni yale yale. Mkokoteni wake ulipindukia mferejini, akaanika mpunga siku moja tu kwa haraka. Hakudhani anamtia mtu matatani. Gunia la Mbuke, mpunga wake yeye — kwao mambo yako wazi kabisa. Na alipolileta kwenye mizani mimi niliandika namba, sikuinua hata uso.

Ningefunga mwenyewe, haya yasingekuwepo. Nimekasirika. Kwanza nilimkasirikia Shigela, halafu katani.

Jumatano, 23 Juni

Bwana Jailos amekuja na Land Rover, kibati 63 mfukoni. Akawaweka Mama Seni na Shigela barazani. Shigela akasema mpunga ni wangu, bwana mkubwa, nipigeni mimi. Bwana Jailos akasema unamtetea jirani, kibati hakisemi uongo. Kisha akamgeukia Mama Seni: kibati hiki alikifunga nani?

Mama Seni akaniangalia. Muda mrefu, au niliona mimi tu.

"Karani," akasema. "Alifunga yeye, baada ya kupima."

Bwana Jailos akaitikia kwa kichwa, akaandika. Kwa hiyo mpunga ni wa mwenye namba. Kesi imekwisha, jaruba limekwenda. Mimi nilikuwa nimesimama na kalamu. Sikusema neno. Hata moja!

Land Rover ilipoondoka nilimkimbilia. Mama Seni, kwa nini? Akasema, mwanangu, nikisema uligawa, watakufukuza. Na mama yako nani atamtazama? Mimi nitalima kibarua kwa watu.

Naona aibu. Sijui pa kuiweka.

Jumapili, 27 Juni

Sikula. Daftari lina alama za vema mia na arobaini. Nzuri, zimepangwa.

Jumatatu, 28 Juni

Saa kumi kasoro. Redio iko wazi. Leo kila kituo kinasoma majina ya waliopoteza majaruba, Ilomba wanaandika, wiki ijayo wanagawiwa wengine. Mimi ni wa nne.

Mama Seni yuko barazani. Kanirudishia 63, alichoachiwa na Bwana Jailos, amekisugua tena. Nimemwambia aende nyumbani. Kasema anapumzisha miguu tu.

Kituo namba moja, majina mawili. Ova.

Karatasi yangu ina jina moja, Mbuke. Nimelikata. Chini yake nimeandika: Rozalia, karani, kituo namba nne, aliyegawa vibati kabla ya kupima. Nimesoma kimoyomoyo mara tano. Nakwama pale pale kwenye "aliyegawa".

Namba mbili, hakuna jina. Nilidhani watachelewa kidogo, nipate muda.

Iringa. Mama nimeshamwandikia kwamba nakuja. Barua iliondoka Ijumaa.

Namba tatu, jina moja, linarudiwa kwa herufi. Ova.

Ambrosi ananiita. "Namba nne, sauti nzuri, tunakusikiliza." Anatania! Hajui. Vituo vyote vinasikiliza. Mlangoni Mama Seni anatikisa kichwa, anatikisa — usiseme, usiseme.

Ananiita mara ya pili. Kidole kiko kwenye kitufe, naandika kwa mkono wa kushoto. Nabonyeza: "Rozalia, karani, kituo namba nne."